Salamu za Jumanne

Niliuona ule waya kabla sijaijua klabu. Nilikuwa nimetoka kumwogesha bibi mmoja ninayemhudumia karibu na Kingsbury Road, hapa London, nakatiza nyuma ya maduka ya sari na peremende kuelekea kituo cha treni, nikainua macho. Juu ya paa la ukumbi wa jumuiya kulikuwa na waya uliovutwa kutoka bomba moja hadi jingine, na kebo nyeusi ikishuka ukutani na kuingia dirishani. Mpita njia angedhani ni kamba ya nguo iliyofungwa na mtu asiye na akili timamu. Mimi nilisimama pale na begi langu la kazi, nikajikuta natabasamu peke yangu. Kazi ya waya ule nilikuwa naijua.

Kwetu Bukavu tuliiita foni. Kibanda cha mbao, redio kubwa ya mawimbi mafupi, betri ya gari, na waya kama ule juu ya mabati. Kabla simu za mkononi hazijafika vijijini, mtu mwenye ndugu Shabunda au Kindu alikuja kwetu, akakaa kwenye benchi kungoja zamu yake. Mimi nilikuwa binti tu, na kazi yangu ilikuwa kuita: "Shabunda, Shabunda, unanipata?" Niliita mpaka mtu wa upande wa pili ajibu kwamba ananipata, kisha amtume mtu akamwite shangazi, kaka au mume anayetafutwa. Vita vikatutawanya. London nikaingia kama wengi wetu: kungoja makaratasi, kisha kusafisha ofisi, kisha kuhudumia wazee. Sikutegemea kuikuta foni Kingsbury.

Nikafuata ile kebo hadi mlangoni. Ndani walikuwamo wazee watupu, wengine Wahindi, wengine Waingereza, wamezunguka meza iliyojaa mashine. Mhindi mmoja aliyevaa sweta la kijivu, ambaye baadaye nilijua ndiye mwenyekiti, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimepotea njia. Nikamwambia sijapotea, ila waya wao umelegea upande wa kulia. Akaniuliza nimetoka wapi. Niliposema Kongo, akabadilika hapo hapo, akaanza Kiswahili cha Kisumu.

"Hiyo waya imelegea tangu mwezi wa tatu, Mama," akasema. "Hawa wote wako na magoti mbaya. Hakuna mtu ya kupanda."

Ndivyo nilivyoingia katika klabu ya redio ya ridhaa. Ni watu wenye leseni wanaozungumza na wenzao wa nchi za mbali kwa redio zao wenyewe, bila kulipwa, kwa raha tu ya kuidaka sauti kutoka ng'ambo. Yule mwenyekiti, niliyemwita Mzee tu, alinifundisha, nikafanya mtihani, nikapewa herufi na namba zangu za kujitambulisha hewani. Nilikuwa mwanamke pekee pale ndani. Nilikuwa pia kijana pekee, na mimi nina wajukuu.

Hilo la ujana ndilo lililomnyima Mzee usingizi. Alizaliwa Kisumu, baba yake akitengeneza redio. Hapa alifungua duka la vifaa vya umeme Harrow, akaliendesha mpaka akastaafu. Mkewe alikuwa amefariki, na wanawe walikuwa na kazi nzuri ambazo hazikuhusiana na waya. Klabu ndiyo iliyombakia. Kila mwaka tulimzika mwanachama mmoja au wawili, na kila tukirudi kutoka mazishini alikuwa akishika funguo za chumba kile na kunitazama.

"Mimi nataka kijana mmoja tu, Mama," aliniambia. "Mmoja mwenye atashika hizi funguo. Nisipopata, siku nitaondoka, hiyo waya itashuka na mimi."

Basi tukaanza kutafuta vijana. Mzee alichora michoro mikubwa ya mizunguko ya umeme akaibandika ukutani. Alinunua jalebi, zile tamutamu za Kihindi, kwenye duka la jirani. Mimi nilitangaza kanisani kwetu, ukumbi tunaokodi kule Stratford, kwamba kuna treni moja tu hadi Kingsbury, hakuna kubadilisha. Vijana wakaja. Mzee akasimama mbele yao akawaeleza volti, ampia na urefu wa mawimbi mpaka macho yao yakalegea. Walikula jalebi zote, wakashukuru kwa adabu, wakatuachia volti zetu. Wiki iliyofuata hawakuonekana, wala iliyofuata.

"Vijana wa siku hizi hawana subira," Mzee akasema.

Mimi nilikuwa na maoni yangu, ila siku ile niliyameza.

Kisha akaja binti mmoja, na hakuja kwa ajili ya redio. Mama yake ni mwenzangu wa kwaya. Jumanne jioni, siku yetu ya klabu, anasafisha ofisi kule Wembley, na hakupenda bintiye wa miaka kumi na sita abaki nyumbani peke yake na simu. Akaniomba nikae naye klabuni. Binti akaja, akachagua kiti cha kona, akainama juu ya simu yake. Ni mtoto wa London: Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusengenya, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Alinisalimia vizuri kwa kuwa mama yake amemlea hivyo, akaniita "Tantine", yaani shangazi, akamsalimia na Mzee, akamwita "Uncle". Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mashine zake.

Jioni moja nilimpata mtu wa Brazili. Nikampa namba zangu, akanipa zake. Nikamwambia namsikia tano tisa, maana yake sauti yake inafika safi kabisa. Na yeye akaniambia tano tisa. Tukaagana, nikaandika, nikageuza kitufe kutafuta mwingine. Binti alikuwa ameinua uso.

"Wait, Tantine. Is that it?"

"Njo hiyo," nikamjibu kwa Kiswahili cha kwetu, ndiyo hiyo.

Akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha Stratford, mbona sikumuuliza yule mtu chochote. Nimempata mtu aliye Brazili, yuko hai, ananisikia, nami nimemwambia tu kwamba namsikia na kwaheri. Akasema yeye akiingia kwa watu na kusalimia namna ile, mama yake atamgeuza pale pale mlangoni arudi nje aanze upya.

Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa. Njiani nikakumbuka benchi la foni. Watu walikuwa wakilipia dakika zao, na dakika hazikuwa rahisi, na bado walizitumia karibu zote kusalimiana. Umeamuka je, na watoto, na mama mukubwa, na ile mbuzi ilizaa? Muda ukikaribia kwisha ndipo wanakumbuka kusema kwamba nyumba imeungua au posa imekubaliwa. Wakitoka kibandani walikuwa na nyuso za watu walioshiba. Sikuwahi kuona mtu akitoka kwetu na uso ule kwa kuambiwa tu kwamba sauti yake inafika safi.

Tangu hapo binti alisogeza kiti. Alianza kuuliza kwa nini Brazili inasikika jioni hii na wiki iliyopita haikusikika. Mzee alimjibu kwa kirefu mno, lakini alisikiliza. Nikamwona Mzee anazigusa funguo mfukoni, nikajua anawaza nini.

Vuli ikaja na shindano kubwa la klabu. Katika shindano, kila kituo unachokipata kinakupa alama, kwa hiyo unakwenda mbio: namba, tano tisa, kwaheri, mwingine. Mzee alijiandaa kwa siku ile kama watu wanavyojiandaa kwa harusi. Mchana wa Jumamosi wenzetu walitoka kwenda kunywa chai na kachori ukumbini, nikabaki na binti. Sheria inamruhusu asiye na leseni kuzungumza mwenye leseni akiwa kando yake. Nikampa maikrofoni.

Akaita. Akajibiwa na mzee mmoja wa kaskazini kabisa mwa Finland. Binti akavuta pumzi.

"Good afternoon, sir. How did you wake up?"

Ni Kiingereza, ndiyo, lakini hakuna Mwingereza aliyewahi kuuliza hivyo. Ilikuwa salamu ya mama yake, imevaa koti la London. Yule mzee akajibu taratibu. Akasema miaka yote aliyokaa kwenye redio hajawahi kuulizwa hivyo. Akasema ameamka na bega linauma, theluji imewahi mwaka huu, na mkewe yuko hospitali, atarudi wiki ijayo.

Binti akampa pole. Kisha akamuuliza ni nani anayempikia.

Yule mzee alicheka mpaka sauti ikakwaruza. Akasema anakula samaki wa mkebe. Binti akamwambia hiyo haifai, mkewe akirudi atasikitika, angalau achemshe viazi. Mimi nilikuwa nimeshika tumbo kwa kicheko. Huku nyuma, vituo vingine vilikuwa vimejipanga vikingoja, na hakuna hata kimoja kilichoondoka.

Ndipo Mzee akaingia na kikombe chake. Alisimama, akasikiliza habari za viazi, akatazama saa ya ukutani. Akaweka kikombe, akaichukua maikrofoni mkononi mwa binti, akamwambia yule mtu tano tisa na kwaheri, akamkata.

"Hii ni shindano, si mahali ya kupiga domo," akamwambia binti. "Wewe bado haufai kushika redio."

Binti hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alivaa koti lake, akaniaga mimi, akamuaga na Mzee kwa adabu ile ile, akashuka ngazi. Mzee akakaa kwenye kiti chake akaanza kuvuna alama. Baada ya muda akampata mama mmoja wa Ureno, ambaye kabla ya kutoa namba zake aliuliza kama yule msichana bado yupo, yule anayeuliza watu wameamkaje, maana na yeye alikuwa kwenye foleni anataka kuulizwa. Mzee akamjibu kwamba ameondoka. Akampa tano tisa.

Jumanne kile kiti kilikuwa kitupu. Nilingoja wenzetu waondoke, kisha nikafunga mlango. Nina hasira za karibu, wanangu watakuambia, na siku ile sikuzizuia.

"Mzee," nikamwambia, "unatafuta kijana, ama unatafuta mzee mwenzako mwenye magoti mazuri?"

"Sheria ni sheria, Mama."

"Sheria gani inakataza salamu? Umelilia kijana miaka yote hii. Amekuja mwenyewe, bila jalebi, umemfukuza kwa sababu ameuliza mtu habari."

Akachukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Hasira zikanishuka ghafla, kama zinavyonishukaga, nikabaki namwangalia yule mtu na sweta lake. Nikamuuliza polepole:

"Mzee, na wewe umeamuka je leo?"

Aliendelea kufuta.

"Leo nani amekuuliza?"

Alikunja kitambaa mara mbili. Nilimwonea huruma, nikajuta kuwa nimempeleka mbali vile, lakini sikurudisha neno. Kisha akasema, "Nipeleke kwa mama yake."

Alijua taratibu. Huku kwa watu wetu, mtu mzima akimkosea mtoto wa mtu, haombi radhi kwa ujumbe wa simu. Anakwenda kwa mzazi, kwa miguu yake. Jumapili nilimchukua hadi Stratford, na nilikuwa nimesahau kumwonya kwamba ibada yetu ni ndefu. Alikaa kiti cha nyuma, Mhindu wa Harrow kati ya ngoma na magitaa, na boksi la jalebi mapajani. Mchungaji alipoomba wageni wasimame ilibidi asimame. Kanisa zima likampigia makofi, na akina mama wa mstari wake wakamshika mkono mmoja mmoja na kumuuliza habari zake na za nyumbani kwake. Nilikuwa mbele na kwaya, nikaona masikio yake yamekuwa mekundu.

Ibada ilipokwisha akamwendea mama wa binti.

"Mama, nilikosea mtoto wako," akasema. "Nilimsemesha vibaya mbele ya watu. Naomba unisamehe."

Mama akapokea boksi kwa mikono miwili. "Aksanti, Papa. Mimi nimesamehe," akasema. "Lakini mutoto mwenyewe njo atasema."

Binti aliangalia viatu vyake, akaangalia jalebi. Akasema kwa Kiingereza kwamba atarudi, ila iwepo siku moja ambayo si ya mashindano, ambayo mtu anaruhusiwa kumsalimia mtu mpaka amalize. Mzee akakubali upesi mno, kama aliyeogopa sharti litabadilika.

Kwenye treni ya kurudi alihesabu vituo mpaka tukapita Baker Street. Halafu akaanza kunieleza habari za kadi za salamu. Alipokuwa mtoto Kisumu alikuwa akinunua kadi, anaijaza majina ya marafiki na ya watu asiowajua mpaka nafasi inakwisha, anaituma redioni, halafu anangoja mtangazaji asome. Siku jina lake liliposomwa alitoka dukani kwa baba yake mbio, akakimbia barabara nzima akiwaambia watu kwamba ametajwa.

"Hiyo ndiyo ilifanya nikapenda redio," akasema. Alilisema kwa mshangao, kama mtu aliyekuta koti lake la zamani kabatini na bado linamtosha.

Tukaanzisha Salamu za Jumanne. Kanuni yake ni moja: huondoki hewani kabla hujauliza na hujaulizwa. Wazee wengine walinung'unika. Mwingereza mmoja aliyekuwa dereva wa treni alisema huo ni upuuzi, kisha akampata mtu wa Kroatia, wakaongea habari za nyanya mpaka tukamwomba aachie wengine zamu. Binti alileta binamu zake. Dada wawili wa Kigujarati waliokuwa wakija ukumbini kwa darasa la ngoma walisikia vicheko, wakachungulia, wakakaa. Walileta wenzao wa shule. Viti vikaanza kukosekana.

Na zile volti zikarudi zenyewe. Mtu akishaongea na fundi wa meli aliyeko visiwa vya Azores, akamjua mbwa wake kwa jina, jioni sauti yake isiposikika anataka kujua kwa nini. Hapo Mzee anasimama mbele ya michoro yake na wanamsikiliza, maana sasa upande wa pili wa waya kuna mtu. Watu wakiniuliza namna ya kuwavuta vijana kwenye redio, huwaambia waanze na mtu, mashine itafuata. Wengi hutegemea jibu gumu zaidi.

Masika binti alifanya mtihani wa leseni akafaulu. Alipopata herufi na namba zake aliziandika nyuma ya simu yake kwa rangi ya kucha. Mzee alimpongeza kwa kumpa mkono, basi, akageuka kuhangaika na kebo ambayo haikuwa na tatizo. Funguo zilibaki mfukoni mwake. Sikumuuliza. Nilijua kuzitoa kwake ni kukubali jambo ambalo mtu halikubali kwa siku moja.

Baridi iliporudi, nyonga yake ikamshinda. Wakamfanyia upasuaji, wakamrudisha kwenye nyumba yake ya Harrow, kitanda kikashushwa sebuleni. Nilipokwenda kumwona aliniuliza kwanza habari za klabu. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa funguo, akaniwekea kiganjani.

"Mpe yule," akasema. Akageukia ukuta.

Jumanne binti alifungua chumba mwenyewe. Alijaribu ufunguo usio wa mlango ule, halafu mwingine, mpaka kitasa kikakubali, na vijana wakaingia wakawasha mashine. Nilikuwa nimemwachia Mzee redio ndogo ya mkononi kando ya kitanda. Kutoka Kingsbury hadi Harrow si mbali, sauti inafika bila shida. Binti akakaa kwenye kiti cha Mzee, akakivuta mbele kwa kuwa miguu yake ni mifupi, akatoa namba zake, akatoa za Mzee, akaachia kitufe.

"Nakupata," sauti ya Mzee ikasema, nyembamba kidogo. "Tano tisa."

Binti akabonyeza. Miaka yote niliyomjua nilikuwa nimezoea kujibiwa naye kwa Kiingereza. Jioni ile alitumia Kiswahili cha mama yake, neno kwa neno.

"Umeamuka je, Uncle?"

Vijana wote walisogea karibu, hata wale wasiojua Kiswahili.

"Nimeamka vibaya, mtoto yangu," akasema Mzee. "Mguu inauma. Usiku ni mrefu. Na wewe?"

Akamwambia yuko muzuri, shule ni muzuri, mama anamusalimia. Akamuuliza kama amekula. Amekula, jirani alileta dengu. Akamuuliza habari ya dawa. Anameza. Nyuma yetu foleni ya vijana wanaongoja zamu ilikuwa imejaa, na yule mzee wa Finland alikuwa na miadi na sisi kwenye redio kubwa. Binti akaangalia saa ya ukutani, akabonyeza kitufe kumuaga.

"Ngoja," Mzee akasema binti alipokiachia. "Usiende. Haujaniuliza habari ya nyumbani."

Binti akanigeukia. Anajua kwamba nyumba ile haina mtu mwingine tangu mkewe alipofariki. Nikamtikisia kichwa kwamba aulize.

"Habari ya nyumbani, Uncle?"

Na Mzee akaanza kutueleza habari za mkewe, tangu mwanzo, tangu Kisumu. Tulivuta viti tukakaa, na hakuna aliyetazama saa.